Namna ya Kupima Kama Jamii Iko Tayari Kuacha Fedha Taslimu

Swali la kama jamii iko tayari kulipa bila noti wala sarafu hujibiwa mara nyingi na mtu ambaye halimgusi sana: mwenye simu janja iliyojaa chaji, mshahara unaoingia benki kila mwezi na mtandao usiomsumbua. Kwake jibu ni ndiyo, wala hasemi uongo. Ila anaeleza maisha yake, si maisha ya jamii. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaopaswa kuamua, kama vile uongozi wa soko, bodi ya shule, chama cha wasafirishaji, halmashauri au ofisi yoyote inayopokea ada, ambao wameletewa pendekezo la kusitisha upokeaji wa fedha taslimu na wanataka kujua wapime nini kabla ya kutia saini. Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja, na hatua zote zinazofuata ni namna ya kukitumia: badala ya kuhesabu wangapi wanaweza kulipa kwa simu au kadi siku mambo yanapokwenda vizuri, tafuta nani atakwama, atakwama lini, na nani atamkwamua.

Taja uamuzi wenyewe kwanza

Mabishano mengi kuhusu jambo hili hayaishi kwa sababu wanaobishana wanazungumzia mambo matatu tofauti kwa jina moja. Kuna kuongeza njia za kulipa huku fedha taslimu ikiendelea kupokelewa. Kuna kuipendelea njia ya kidijitali, kwa mfano kwa kuitengea dirisha la haraka au kuipa punguzo. Na kuna kuikataa kabisa fedha taslimu. Kwa jambo la kwanza ni vigumu kupata jamii isiyo tayari. Kwa la tatu ni vigumu kupata iliyo tayari. Kwa hiyo, kabla ya kikao cha pili, andika sentensi moja inayosema nani ataacha kupokea nini, mahali gani, kuanzia tarehe gani, na kwa huduma ipi. Sentensi hiyo ikishindikana kuandikwa, hakuna cha kupimwa bado.

Baada ya hapo isome sheria inayokuhusu, wala usidhani kwamba noti kuwa fedha halali kunamlazimu kila muuzaji kuipokea. Marekani haina sheria ya taifa zima inayozilazimisha biashara binafsi kupokea fedha taslimu, na ndiyo sababu miji kama Philadelphia mwaka 2019 na New York mwaka 2020 ilijitungia sheria ya kuwazuia wauzaji kuikataa. Denmark huwataka wafanyabiashara wengi waipokee, lakini imewaruhusu kuikataa nyakati za usiku kwa sababu ya hatari ya kuporwa. Norwei, ambako watu hawatumii noti kwa wingi, iliimarisha haki ya mteja kulipa kwa fedha taslimu kuanzia Oktoba 2024. Ni jambo la kuzingatia kwamba nchi zilizokwenda mbali zaidi katika njia hii ndizo zinazorudi kuweka kinga.

Hesabu watu, si akaunti

Takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2021 zilionyesha kuwa asilimia 76 hivi ya watu wazima duniani walikuwa na akaunti, iwe ya benki au ya fedha za simu, na kwamba watu wapatao bilioni 1.4 hawakuwa nayo. Takwimu kama hizo ni nzuri kwa kuanzia, lakini hazitoshi kwa uamuzi wako, kwa sababu kuwa na akaunti si sawa na kuweza kuitumia ukiwa peke yako, umesimama, na watu wakikusubiri nyuma yako. Nchini Uingereza, ambako karibu kila mtu mzima ana akaunti ya benki, tathmini huru iliyotolewa mwaka 2019 ilihitimisha kuwa watu wazima takriban milioni 8 wangepata shida kuishi bila fedha taslimu.

Usisambaze dodoso lako kwa ujumbe wa simu. Dodoso la namna hiyo huwafikia wale ambao teknolojia imekwisha kuwafikia, kisha huleta majibu ya kufurahisha kuhusu watu hao hao. Mtume mtu mwenye daftari akasimame mahali malipo yanapofanyika, kwa muda unaogusa mwanzo na mwisho wa mwezi, asubuhi na jioni, maana foleni ya siku ya mshahara haifanani na foleni ya siku ambayo mifuko imekauka. Daftari lenyewe liwe na safu nne: aliyelipa mwenyewe, aliyelipa kwa kusaidiwa, aliyejaribu akashindwa, na aliyegeuka akaondoka.

Safu ya pili ndiyo yenye siri nyingi. Utamwona mzee akifika dirishani, akitoa simu ya kitochi iliyofungwa kwa mpira ili betri isichomoke, akimkabidhi kijana aliye nyuma yake na kumtajia namba ya siri kwa sauti inayosikika hadi mwisho wa foleni. Kijana anabonyeza, ujumbe unaingia, mzee anashukuru, na kila mtu anaendelea na safari yake. Katika ripoti ya mwezi ya kampuni inayosimamia malipo, mzee huyo atahesabiwa kuwa mteja aliyelipa kidijitali bila tatizo lolote. Katika daftari lako anapaswa kuhesabiwa kuwa mtu anayeishi kwa kutegemea uaminifu wa mgeni. Ukiona safu hiyo imejaa, jamii unayoipima imejifunza kusaidiana, jambo ambalo ni jema, lakini haijawa tayari kwa uamuzi ulioletewa.

Watafute pia wale wasiofika kwenye foleni kabisa. Wapo wasio na kitambulisho cha kusajili laini ya simu, watoto wanaotumwa, wasioona ambao mashine ya kadi yenye kioo kitupu kisicho na vitufe huwazuia kuingiza namba ya siri wenyewe, na wageni ambao laini au kadi zao hazikubaliki. Kila kundi litembelewe na liulizwe swali moja la vitendo: mara ya mwisho ulipotakiwa kulipa bila noti, ulifanyaje? Swali la kama wanapenda au hawapendi mabadiliko liache. Majibu yake ni ya adabu zaidi kuliko ya ukweli.

Hapa inafaa kukumbuka kilichoifanya huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya Machi 2007, isambae upesi kuliko kadi za benki. Haikudai simu janja wala intaneti. Ilikaa ndani ya laini ya simu ya kawaida, na ilikuwa na mawakala waliogeuza noti kuwa salio na salio kuwa noti karibu na watu walipo. Fedha taslimu haikufukuzwa. Ilipewa mlango wa kuingilia na wa kutokea, na watu waliuamini mfumo kwa sababu waliweza kutoka wakati wowote. Pendekezo uliloletewa likidai programu ya simu janja peke yake, lirudishe na uulize kama malipo yayo hayo yanaweza kufanyika kwa kubonyeza nyota na reli.

Kuna kundi jingine linalosahaulika, nalo ni wafanyakazi wanaopokea malipo. Kenya ilipojaribu mwaka 2014 kuwahamishia abiria wa matatu kwenye nauli za kadi, tarehe za mwisho zilitangazwa kisha zikasogezwa mbele, kadi zilikuwa za kampuni mbalimbali, na noti ziliendelea kupita mkononi mwa kondakta kama kawaida. Mradi wa namna hiyo haukwami kwa abiria peke yao. Kondakta na dereva hununua mafuta, hulipa ada ndogondogo za njiani na hugawana ujira wa siku kutokana na fedha iliyo mkononi jioni hiyo; ukiiondoa fedha hiyo bila kueleza ujira wa siku utalipwaje, umemwomba mtu ausimamie mfumo unaomnyima chakula cha usiku. Kwa hiyo fuata noti moja kuanzia mkononi mwa mteja hadi inapoishia, na uandike kila mkono unaoigusa.

Piga hesabu ya makato kwa malipo madogo

Watetezi wa malipo ya kidijitali husema kweli wanapodai kuwa fedha taslimu nayo ina gharama: huhesabiwa, husafirishwa, hulindwa, huibwa, huchakaa, na chenji yake husumbua. Gharama hizo ziandike. Kisha fanya hesabu ya upande wa pili, lakini usitumie wastani wa malipo. Tumia malipo madogo kuliko yote yanayofanyika kwako. Makato ya 10 kwa malipo ya 500 ni asilimia 2, na hakuna atakayelalamika. Makato hayo hayo kwa malipo ya 50 ni asilimia 20, na anayelipa 50 kila siku mara nyingi ndiye asiye na 500 ya kulipa kwa mkupuo. Ongeza pia gharama ya kutoa, kwa sababu aliyepokea fedha kwenye simu huenda akahitaji noti kesho asubuhi kwa mtu asiyepokea simu.

Serikali nazo zimejifunza somo hili kwa njia ngumu. Uganda ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya fedha za simu mwaka 2018, na baada ya malalamiko ikaipunguza hadi asilimia 0.5 na kuibakiza kwenye kutoa fedha tu. Tanzania iliweka tozo za miamala Julai 2021, zikapunguzwa kabla mwaka haujaisha. Ghana ilianza na asilimia 1.5 mwaka 2022, ikashuka hadi 1, na mwaka 2025 ikaifuta kabisa. Mpimaji anapaswa kuuliza si makato ni kiasi gani leo tu, bali pia nani ana mamlaka ya kuyapandisha pindi watu watakapokuwa hawana njia nyingine. Binafsi naliona swali hili kuwa zito kuliko lile la usalama wa mitambo ambalo hujadiliwa zaidi, kwa sababu mtu mwenye noti mfukoni anaweza kuyakataa makato kwa kulipa kwa noti, na mtu asiye nayo hawezi.

Jaribu siku mbaya kabla haijaja yenyewe

Mfumo wa malipo hutegemea umeme, minara ya simu, kituo cha data, kampuni ya kati na simu yenye chaji, na kukatika kwa kimoja kati ya hivyo kunatosha kuusimamisha. Tarehe 1 Juni 2018 mitambo ya Visa barani Ulaya ilipata hitilafu kwa sababu kifaa kimoja cha mtandao katika kituo cha data kiliharibika nusu. Kwa kuwa hakikufa kabisa, cha akiba hakikushika kazi ipasavyo, na miamala ipatayo milioni 5.2 ikashindikana. Tarehe 8 Julai 2022 kosa la kubadilisha mipangilio katika mtandao wa kampuni ya Rogers nchini Kanada lilizima simu na intaneti za mamilioni ya watu, na pamoja nazo malipo ya kadi za Interac, mtandao wa kadi za benki wa nchi hiyo, nchi nzima. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika Hispania na Ureno kwa saa nyingi, na waliokuwa na noti ndio walioweza kununua maji na betri. Hizo si nchi zenye mitambo duni.

Uswidi ni mfano unaotajwa sana na wanaotaka kuharakisha, kwa hiyo utaje nawe kikamilifu. Ni nchi ambayo huduma ya kulipa kwa simu iitwayo Swish, iliyoanzishwa na benki zake mwaka 2012, imewafanya watu wengi wasahau pochi. Lakini pia ni nchi ambayo bunge lake lilipitisha sheria ya kuzilazimisha benki kubwa kuendelea kutoa huduma za fedha taslimu, na ambayo kijitabu chake cha maandalizi ya dharura kilichosambazwa kwa kaya mwishoni mwa mwaka 2024 kinawashauri wananchi wawe na njia zaidi ya moja ya kulipa, ikiwamo fedha taslimu.

Zoezi la kupima ni rahisi na watu hulikwepa kwa sababu linaaibisha. Chagua siku ya kazi ya kawaida, toa taarifa kwa wafanyakazi lakini si kwa undani, kisha zima mashine na mtandao kwa saa 2. Kaa pembeni utazame. Je, kuna anayejua droo ya chenji iko wapi, na ina chenji? Je, kuna anayeweza kutambua noti bandia kwa kuipapasa? Je, kuna kitabu cha risiti, au risiti zote zilikuwa za mashine? Je, wakala aliye jirani ana floti (salio la simu la kubadilishia) na keshi ya kutosha watu wote wakimkimbilia kwa wakati mmoja? Nimewahi kushuhudia mahali ambapo zoezi kama hili lilikwama kwenye dakika ya 5, si kwa kukosa fedha, bali kwa sababu ufunguo wa kabati la fedha ulikuwa kwa mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi, na hakuna aliyekuwa ameuulizia tangu hapo. Uwezo wa kurudi kwenye noti hupotea kimyakimya siku unapoacha kuutumia, na usipoupima utadhani bado upo.

Kosea kwa makusudi

Usimuulize mtoa huduma kama ana utaratibu wa kurudisha fedha zilizotumwa kimakosa, atakuambia anao. Tuma kiasi kidogo kwa namba isiyo sahihi ya mtu mliyekubaliana naye, kisha piga simu ya huduma kwa wateja kama mteja wa kawaida, uandike saa uliyopiga, muda uliosubiri, lugha uliyojibiwa, na siku fedha iliporudi, kama ilirudi. Rudia jaribio hilo kwa simu ya kitochi na kwa mtu asiyesoma vizuri. Malipo yaliyokatwa kwa mlipaji bila kumfikia mpokeaji nayo yapimwe hivyo hivyo, maana ndiyo yanayozua ugomvi zaidi dirishani: mlipaji ana ujumbe wa kukatwa, mpokeaji hana ujumbe wa kupokea, na wote wawili ni wakweli.

Upande wa utapeli, angalia kitu kimoja kabla ya vingine, yaani muuzaji anathibitishaje kwamba amelipwa. Akitazama ujumbe kwenye simu ya mteja badala ya simu yake au salio lake mwenyewe, ujumbe wa bandia utampata tu, na mafunzo yanahitajika kabla ya kitu kingine chochote. Kadiri malipo yanavyokuwa ya papo hapo, ndivyo fedha iliyoibwa inavyokimbia upesi. Brazili ilizindua mfumo wa Pix Novemba 2020, na kufikia Oktoba 2021 benki kuu yake ilikuwa imelazimika kuweka kikomo cha reali 1,000 kwa miamala ya usiku ya watu binafsi, kwa sababu wahalifu waliwateka watu na kuwalazimisha kutuma. Uliza kama mfumo wako unamruhusu mtumiaji kujiwekea kikomo cha namna hiyo.

Faragha nitaigusa kwa ufupi, ingawa ni pana. Kila muamala huacha alama, na si kila mtu anayetaka kuficha alama ni mwizi. Mtu anayejiwekea akiba ya kuondoka katika nyumba anayopigwa anaihitaji noti ambayo haionekani kwenye simu inayokaguliwa kila jioni. Katika tathmini yako uliza nani anaona kumbukumbu, kwa muda gani, na kwa idhini ya nani.

Pima mwendo, kisha amua

Ipo imani kwamba watu wakinyimwa noti watajifunza. India iliifanyia majaribio makubwa tarehe 8 Novemba 2016, ilipotangaza usiku mmoja kwamba noti za rupia 500 na 1,000, zilizokuwa na takriban asilimia 86 ya thamani ya fedha iliyokuwa kwenye mzunguko, si halali tena. Foleni zilizofuata zinakumbukwa hadi leo, na haikupita miaka 2 kabla kiasi cha fedha taslimu kwenye mzunguko hakijarudi kilipokuwa. Kilichobadilisha malipo nchini humo kwa kudumu ni mfumo wa UPI, ulioanzishwa mwaka huo huo, ambao uliunganisha benki mbalimbali na ukawa rahisi kwa mlipaji. Nigeria nayo ilibadilisha noti zake mwishoni mwa mwaka 2022 huku ikizuia kiasi cha kutoa. Noti mpya zikaadimika, mitandao ya benki ikaelemewa, na tarehe 3 Machi 2023 Mahakama ya Juu ikaamuru noti za zamani ziendelee kutumika hadi mwisho wa mwaka huo. Kwa hiyo, pendekezo lolote linaloweka tarehe ya kukataa noti kabla ya tarehe ya kukamilisha huduma lipindue: huduma ifanye kazi kwanza, kwa miezi, bila shuruti, na idadi ya wanaoichagua wenyewe ndiyo iwe ushahidi.

Unapokaa kuandika uamuzi, weka mezani daftari la foleni, hesabu ya malipo madogo, matokeo ya zoezi la saa 2 na kumbukumbu za miamala uliyokosea kwa makusudi. Huduma ambayo mtu anaweza kuikosa bila kudhurika, kama kiingilio cha burudani, inaweza kuhamia haraka. Maji, dawa, nauli, chakula na ada ya serikali visihamie hadi safu ya walioshindwa na safu ya waliogeuka ziwe tupu, au hadi kila aliyeandikwa humo awe na njia mbadala isiyomgharimu zaidi. Hata hapo acha dirisha moja la noti, na hakikisha kuna mtu anayelikalia kweli, kwa sababu dirisha lililofungwa kwa kisingizio cha mapumziko ni sawa na lisilokuwapo.

Tangazo litakapotoka, libandike pale pale mahali pa malipo, kwa herufi kubwa, likitaja jina la cheo cha mtu wa kuonwa na mteja aliyekwama. Karibu nalo liwekwe daftari jingine, ambamo mhudumu ataandika kila aliyeondoka bila kulipa na sababu aliyoitaja mwenyewe. Baada ya siku 30 lifunguliwe mbele ya kikao kile kile kilichoamua, lisomwe kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza, na sababu iliyojirudia zaidi ya nyingine zote ndiyo iwe ajenda ya kwanza kabla ya hatua inayofuata kuruhusiwa.